Tambi za Mtoto Asiyekula Ngano

Barua nyingi zinazoletwa katika ukurasa huu huuliza mambo yenye majibu mafupi: namna ya kuondoa doa la embe katika shati jeupe, au sababu ya maandazi kunywa mafuta. Barua niliyoipata majuma matatu yaliyopita ni ya namna nyingine. Imetoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, karani, ambaye mumewe ni fundi wa kiwandani, na sikupenda kuijibu kabla sijayajaribu jikoni kwangu yale aliyoniuliza.

Mama huyu ana watoto watatu. Wa katikati, mvulana wa miaka tisa, alianza kudhoofika tangu alipokuwa na umri wa miaka minne. Tumbo lilijaa kama ngoma, miguu ikawa myembamba, akaharisha majuma mazima, na darasani akaonekana mdogo kuliko wenzake wote. Alipewa dawa ya minyoo mara nyingi kuliko mama yake awezavyo kuhesabu. Akaambiwa ana upungufu wa damu, akanyweshwa dawa ya kuongeza damu. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri apewe uji wa unga wa lishe asubuhi na jioni. Ikafanyika hivyo, na mtoto akazidi kukonda. Hatimaye daktari mmoja aliagiza damu ipimwe kwa namna nyingine, kisha kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwa, ndipo ilipojulikana kwamba mtoto ana ugonjwa uitwao siliaki: utumbo wake haupatani na ngano. Mama alirudi dukani kuuliza juu ya ule unga wa lishe. Akajibiwa kwamba ndani yake, pamoja na mahindi, mchele, karanga na soya, imo ngano.

Hayo yamepita, na mtoto amerudi katika afya yake. Barua hasa ilihusu siku ya Jumapili. Katika nyumba hiyo Jumapili ni siku ya tambi kwa rojo la nyanya. Baba huwa nyumbani, shangazi huja kutoka Temeke pamoja na watoto wake, na chakula hupakuliwa katika sinia moja. Mtoto huyu huwekewa wali katika sahani yake, pembeni. Halalamiki. Lakini Jumapili moja, watu walipokwisha kuondoka mezani, mama aliingia jikoni akamkuta ameinamia sufuria, akikwangua kwa vidole tambi zilizoganda chini yake na kuzila upesi kama mwizi. Usiku ule aliumwa, akaharisha hadi Jumatano. Alipoulizwa, alisema alitaka tu kujua kama zingali na ladha ile ile.

Basi mama anauliza: je, yawezekana kutengeneza nyumbani tambi zisizo na ngano, zitakazoliwa na nyumba nzima katika sinia moja? Katika maduka makubwa ya mjini zipo tambi za namna hiyo zinazoletwa kutoka ng'ambo, lakini bei ya pakiti yake moja hununua pakiti kadhaa za tambi za kawaida. Hata akijikakamua, atamnunulia mtoto mmoja tu, na sahani zitabaki mbili.

Yawezekana, mama. Lakini kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe kinachomdhuru mtoto, maana asiyekijua atakitoa kwa mlango wa mbele na kukiingiza kwa dirisha.

Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, uukande kwa maji uwe donge gumu, uliache kidogo, kisha ulioshe donge hilo katika bakuli la maji huku ukiliminya polepole. Maji yatageuka meupe kama maziwa, kwa kuwa wanga unatoka. Badilisha maji mara tano au sita. Kitakachobaki mkononi si unga tena, bali ni kitu cha rangi ya kijivu, chenye kunata na kuvutika mfano wa ulimbo wa kunasia ndege. Hicho ndicho gluteni. Ndicho kinachoiwezesha chapati kutandazwa nyembamba bila kupasuka, kinachoizuia hewa ya hamira isitoroke katika mkate, na kinachozishika tambi zisisambaratike zinapochemka. Kimo katika ngano na katika binamu zake, shayiri na rai. Hakimo katika mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi wala muhogo.

Kwa watu wengi gluteni haina madhara yoyote, na siandiki haya ili kila mtu autupe mkate wake. Lakini mwili wa mwenye siliaki huiona kama adui aliyeingia, na katika kupigana nayo huujeruhi utumbo wake wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo husinyaa na kulala, na mtu akawa anakula ilhali mwili wake una njaa. Wataalamu hukadiria kwamba ulimwenguni kiasi cha mtu mmoja katika kila mia anao ugonjwa huu, ingawa wengi hawajijui. Wala asidhani mtu kwamba ni maradhi ya Wazungu peke yao. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi, hapa hapa Afrika, walionekana kuwa nao zaidi ya watano katika kila mia, kiwango kikubwa kupita vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo.

Ngano ilichelewa kushukiwa. Daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888, akasema kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Lakini ni chakula gani, hakujua. Aliyelifumbua fumbo ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, daktari wa watoto katika mji wa The Hague, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944-45, wakati wa vita, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali. Mkate uliadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wenye siliaki, ambao mtu angetazamia wafe kwanza, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliyaandika hayo yote katika tasnifu yake, na tangu siku hiyo dawa imebaki ile ile: kuiacha ngano maisha yote.

Neno moja kwa mzazi atakayemwona mtoto wake katika habari hizi. Usimwachishe ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za ule ugomvi kati ya mwili na gluteni. Ugomvi ukikoma, alama hutoweka, na daktari ataiona damu safi kisha akuambie mtoto hana kitu. Mpeleke kwanza, ndipo ubadilishe jiko.

Sasa twende jikoni. Kosa la kwanza alifanyalo kila mtu, nami nililifanya, ni kupeleka mchele mashineni. Mchele ni safi, mashine siyo. Mashine iliyosaga ngano au unga wa lishe saa moja iliyopita imebaki na vumbi katika mfuko wake na katika vyuma vyake, na kipimo cha kimataifa cha chakula kiitwacho kisicho na gluteni ni kwamba gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja. Hicho ni kiasi ambacho jicho halikioni. Mwenye mashine atakuapia kwamba ameipangusa, naye hasemi uongo, ila kupangusa hakutoshi. Kama mtaani kwenu iko mashine isiyosaga kitu ila mahindi, itumie hiyo. La sivyo, twanga.

Njia ni ile ya bibi zetu wapika vitumbua. Chagua mchele, uoshe, uloweke saa nne au tano, mwaga maji, uanike kivulini juu ya kitambaa safi hadi ushikike bila kulowanisha mkono, kisha utwange katika kinu na kuuchekecha. Wenye blenda waitumie, ila kwa mchele kidogo kidogo, isije ikaungua. Kilo moja hutoa unga wa kutosha Jumapili mbili au tatu. Unaobaki uanike juani ukauke kabisa kabla ya kuufungia katika kopo, kwa maana unga wenye unyevu huvunda.

Unga wa muhogo nao uwe wa makopa uliyoyanunua mazima na kuyatwanga mwenyewe. Uliza ni muhogo wa namna gani. Muhogo mchungu usiotayarishwa barabara una sumu. Mwaka 1985 huko Tarime watu wengi, hasa watoto na wanawake, walipooza miguu kwa sababu ukame uliwafanya waule kabla haujakaushwa na kuvundikwa inavyopasa. Ugonjwa huo huitwa konzo, na hauponi. Muhogo mtamu uliokauka vizuri hauna shida hiyo.

Kisha vyombo. Kibao cha chapati kina nyufa, na mwiko wa mti hunywa kila kilichopikwa nao. Chujio lililochujia tambi za ngano mwaka mzima lina mabaki katika kila tundu. Nunua mwiko mpya na chujio jipya, uvifunge uzi mwekundu, uvitundike mbali na vingine. Si gharama kubwa. Lakini zaidi ya hayo nashauri kwamba siku ya Jumapili ngano isipikwe kabisa katika nyumba hiyo, wala chapati ya asubuhi wala maandazi, ili pasiwe na la kutenganishwa.

Vipimo vya watu sita ni hivi: unga wa mchele vikombe viwili vya chai, yaani gramu 300 hivi, unga wa muhogo kikombe kimoja, mayai mawili, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, chumvi nusu ya kijiko cha chai, na maji.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Niliukanda unga wa mchele kwa maji ya baridi na mayai kama nifanyavyo kwa ngano. Donge lilipasuka kama tope la kiangazi. Nilipolilazimisha lilikatikakatika, na vile vipande nilivyofaulu kuvitia majini viligeuka uji. Mume wangu aliula uji huo kwa rojo la nyanya akasema ni mtamu, jambo ambalo namshukuru, lakini tambi hazikuwa.

Jawabu nililipata katika chakula tukijuacho kuliko tambi. Unga wa mahindi hauna gluteni hata chembe, na bado ugali hushikana. Ni kwa sababu wanga ukikutana na maji ya moto huvimba, hupasuka na kunata. Kwa hiyo inapasa sehemu ya unga ipikwe kwanza iwe gundi, na gundi hiyo ifanye kazi ambayo gluteni ingeifanya. Hata viwanda vya Italia vinavyotengeneza tambi za mahindi na mchele huutumia moto wa mvuke kwa kusudi hilo hilo. Huko Italia, ambako tambi ndiyo ugali wao, jambo hili halikuachwa kuwa shida ya mama wa nyumba peke yake: sheria ya mwaka 2005 inawapa wagonjwa wa siliaki haki ya kupata vyakula visivyo na gluteni kwa gharama ya serikali, hadi kiasi fulani kila mwezi. Nimelitaja hilo kwa wale miongoni mwa wasomaji wetu wanaokaa katika vikao vya kupanga mambo ya afya.

Changanya unga wa mchele na wa muhogo, uuchekeche pamoja. Toa nusu kikombe cha mchanganyiko huo, utie katika sufuria ndogo pamoja na maji ya baridi robo tatu ya kikombe, koroga mpaka mabuje yaishe. Weka juu ya moto mdogo, usonge bila kuacha dakika mbili au tatu, mpaka uwe mzito, ung'ae, na uanze kuachia sufuria. Epua, uache upoe hadi uweze kuushika, maana ukiwa wa moto utayapika mayai kabla ya wakati.

Unga uliobaki utie katika bakuli pana pamoja na chumvi, fanya shimo katikati, tia ile gundi, mayai uliyoyapiga, na mafuta. Kanda dakika kumi. Mwanzoni utakata tamaa, kwa kuwa utaona mabonge huku na unga mkavu kule, endelea. Donge zuri ni laini, halishiki vidole, na ukilibonyeza kwa kidole gumba kingo zake hazipasuki sana. Zikipasuka, ongeza maji ya moto, kijiko kimoja cha chai kwa mara moja. Likinata, nyunyiza unga wa mchele. Unga uliotwangwa ukiwa na unyevu hutaka maji kidogo kuliko unga mkavu, kwa hiyo mkono wako ndio kipimo cha kweli kupita kikombe changu. Lifunike donge kwa kitambaa kibichi nusu saa. Donge la ngano hupumzishwa ili lilegee. Hili hupumzishwa ili mchele upate kunywa maji, la sivyo tambi zitakuwa na changarawe mdomoni.

Katika kusukuma, tumia jani la mgomba. Zamani tungesema ukate mfuko wa nailoni, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na jani la mgomba linafaa kuliko mfuko. Libabue juu ya moto lilainike, lipanguse, ulipake mafuta kidogo. Chukua kipande cha donge kama yai, kiweke kati ya majani mawili, ukisukume kwa chupa safi au mti mpya wa chapati mpaka unene wake uwe wa sarafu. Donge lililobaki liendelee kufunikwa, kwani hukauka upesi. Kata kwa kisu vipande vyenye upana wa kidole na urefu wa kiganja. Usitamani ziwe ndefu kama spageti za dukani. Tambi ndefu isiyo na gluteni hukatika yenyewe, ikakuachia vipande visivyo na sura. Zitandaze katika sinia lililonyunyizwa unga wa mchele, zipate hewa robo saa. Mwenye kile chombo cha kuzungusha kwa mkono ambacho wapishi wa chauro hukamulia tambi za dengu anaweza kukitumia badala ya kusukuma, mradi kisiwe kimepata kupitisha ngano.

Maji ya kuchemshia yawe mengi, lita nne hivi, na chumvi kijiko kikubwa kimoja. Yatokote kwelikweli ndipo uzitie tambi, kidogo kidogo, ukizikoroga mara moja tu kwa mpini wa mwiko ili zisishikane. Zikielea juu, ngoja dakika mbili, toa moja uionje. Kwa jumla hazimalizi dakika tano. Teka kikombe kimoja cha maji yake ukiweke kando, chuja, na hapo hapo zitie katika rojo. Tambi za ngano zinaweza kuwasubiri wageni. Hizi haziwezi, zikipoa bila rojo huwa ngumu, kwa hiyo wageni wakae kwanza, ndipo zitiwe majini.

Rojo lenyewe litangulie kwa muda wa saa moja. Huo ndio upishi niupendao zaidi, nanyi mtanivumilia. Chukua nyanya kilo moja zilizoiva kabisa. Ziwe zile zenye nyama nyingi na maji kidogo, mfano wa Tanya au Tengeru 97, na wala usiwe na haya kuchukua zilizolainika ambazo muuzaji atakupunguzia bei, kwani ndizo zilizoiva. Zitumbukize katika maji yaliyochemka dakika moja, kisha katika maji baridi; ganda litavuka lenyewe. Zikate vipande vidogo. Weka tayari vitunguu maji viwili, vitunguu saumu punje nne, karoti moja iliyokwaruzwa, mafuta vijiko vitatu vikubwa, na konzi moja ya dagaa wa Kigoma.

Dagaa watawashangaza wengine. Kata vichwa, wakaange bila mafuta hadi wakauke, uwatwange wawe unga. Wapishi wa kusini ya Italia huyeyusha samaki wadogo wa chumvi katika rojo lao la nyanya, na sababu ni moja: nyanya iliyoiva ina utamu wa aina ya nyama ndani yake, na samaki mdogo huukuza utamu huo bila yeye mwenyewe kujulikana. Zaidi ya hayo, dagaa huliwa na mifupa yake, na mtoto ambaye utumbo wake umeshindwa kufyonza chokaa na chuma kwa miaka mitano ana deni kubwa la kulipwa.

Kaanga vitunguu maji kwa moto mdogo dakika kumi nzima, mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Kitunguu kilichounguzwa juu na kubaki kibichi ndani hulifanya rojo kuwa chungu. Tia saumu, kisha unga wa dagaa, geuza mara mbili tatu, tia karoti, ndipo nyanya na chumvi. Karoti ni kwa ajili ya kupunguza ukali wa nyanya, nayo ni bora kuliko sukari. Acha sufuria wazi, moto uwe wa makaa yanayofifia au gesi iliyoshushwa, rojo litokote polepole dakika arobaini. Likianza kuwa zito na mafuta kupanda juu, limeiva. Mwisho tia majani machache ya mrehani yaliyochanwa kwa mkono. Mrehani huu ni ule ule ambao wanawake wa pwani huutia katika vikuba pamoja na asumini, na ndugu yake ndiye Waitaliano humtia katika rojo. Nilihofu chakula kitanukia harusi. Hakikunukia, kilinukia chakula.

Usilifanye rojo zito kwa unga wa ngano, kama wapishi wengi wafanyavyo. Ukitaka uzito, tumia yale maji ya tambi uliyoyahifadhi, yana wanga wa kutosha. Vile vijiwe vya supu vya dukani, soma maandishi yake kabla ya kuvitia, kwa kuwa vingine vina ngano. Sosi ya soya ya kawaida nayo hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, jambo ambalo rangi yake nyeusi haikuambii.

Nawajua watakaosema kwamba tambi za mchele na muhogo si tambi. Tambi za nyanya zenyewe ni ndoa ya wageni. Nyanya ilitoka Amerika. Mapishi ya kwanza ya rojo la nyanya kuchapishwa Italia ni yale ya Antonio Latini, huko Naples, katika miaka ya 1690, na tambi zilikaa karibu miaka mia nyingine kabla hazijakutanishwa nalo katika kitabu cha mapishi. Muhogo na mahindi vilivuka bahari ile ile vikaja kwetu. Tena hapa pwani sisi wenyewe huzipika tambi kwa sukari, tui la nazi na iliki, jambo ambalo Mwitaliano akilisikia hushika kichwa, na sisi hatujaona sababu ya kuacha.

Nilimpelekea mama huyo vipimo hivi kabla ya kuvichapisha, naye alivijaribu Jumapili iliyopita. Ameandika kwamba donge lilikuwa gumu mwanzoni, akaongeza vijiko vitatu vya maji ya moto. Baba alipewa kazi ya kutwanga, akalalamika, akatwanga. Shangazi alisema tambi ni fupi mno, kisha akajaziwa mara ya pili. Mtoto alikaa kati ya ndugu zake, na sufuria iliporudi jikoni haikuwa na kitu cha kukwangua.

Sasa anauliza juu ya chapati. Hilo ni gumu zaidi, na nitahitaji majuma kadhaa.